Baada ya Kubadilisha Oili: Amini Kijiti, Usiamini Mtungi

Wazee wetu walipogawiwa mashamba katika mpango wa Ekari Milioni Moja, ulioanza mwaka 1962, mkulima wa skimu alihesabiwa kuwa amejitayarisha vyema akiwa na jembe, panga, ng'ombe wa maziwa na punda wa kubeba maji. Leo ukipita alfajiri katika mashamba ya Mweiga, Warazo au Naro Moru utasikia injini zikinguruma kila upande. Huku pampu yavuta maji kutoka mtoni, kule mashine yakata majani ya ng'ombe, na barabarani gari dogo lapeleka mitungi ya maziwa. Injini hizi ni watumishi wetu, na kila mtumishi ana chakula chake. Chakula cha injini si petroli au dizeli peke yake. Ni oili pia.

Wakulima wengi sasa hubadilisha oili wenyewe nyumbani. Jambo hili ni jema. Fedha ambazo zingelipwa kwa fundi hubaki nyumbani, na mtu ajifunza kuijua mali yake. Lakini wengi hudhani kwamba kazi imekwisha mara tu oili chafu inapotoka na oili mpya inapomiminwa. Sivyo. Hapo kazi imefika nusu. Nusu iliyobaki ni kupima, na kusahihisha kile ulichopima. Nimeandika makala haya kwa sababu mimi mwenyewe nilifanya ile nusu ya kwanza tu, na kidogo niipoteze injini. Jirani yangu alifanya vivyo hivyo kwa njia nyingine, naye aliipoteza kweli.

Yaliyonipata mimi

Mimi ni karani katika ofisi ya kilimo, nami nilisomea ualimu kabla ya kuingia kazi hii. Kwa hiyo watu wa huku huniita Mwalimu, na wengi hudhani kwamba mtu aliyefundisha hesabu hawezi kukosea hesabu. Sikilizeni basi.

Nina gari dogo aina ya Toyota Probox, ambalo nililinunua kwa mkopo wa chama chetu cha akiba na mikopo. Julai mwaka jana, asubuhi ya baridi na ukungu kama mjuavyo Julai ya Nyeri, niliamua kubadilisha oili mwenyewe nyumbani kwangu karibu na Kiganjo. Nilinunua galoni ya lita 4 na filta mpya. Nililegeza bolti ya chini wakati injini ilikuwa bado baridi kabisa. Oili ilitoka polepole kama asali, nami nikaona kwamba nachelewa. Ilipoanza kudondoka tone moja moja nilifunga bolti, nikafunga filta mpya, kisha nikamimina galoni yote hata ikabaki tupu. Nilijiambia ya kwamba kubakiza kidogo katika mtungi ni kupoteza.

Nilipima kwa kijiti. Gari lilikuwa limeelekea juu, maana ua wangu una mteremko kama nyua nyingi za huku. Kijiti kilionyesha kwamba oili imefika katika alama ya juu. Nikafurahi, nikapakia magunia manne ya viazi vya mama mkwe, nikaondoka kwenda soko la Nanyuki.

Nilipopita Chaka nilinusa harufu ya oili inayoungua. Kabla ya Naro Moru nilitazama katika kioo nikaona moshi wa rangi ya buluu nyuma yangu, na taa nyekundu ya oili ikawaka mara moja ikazimika. Nikasimama. Kwa bahati njema kulikuwa na fundi mzee pale kando ya barabara.

"Mwalimu," akaniuliza baada ya kunisikiliza, "uliweka oili kiasi gani?"

"Galoni nzima, Mzee," nikamjibu.

"Na nani alikuambia kwamba injini hii hunywa galoni nzima?"

Sikuwa na jibu. Aliniambia nilisogeze gari mahali palipo sawa, tukangoja, kisha akapima mbele yangu. Oili ilikuwa imepita alama ya juu kwa upana wa kidole. Aliifungua bolti kidogo, akakinga kwa beseni safi, akapima tena na tena hata ikawa sawa. Ile iliyotoka ilijaza chupa ya maji ya nusu lita, na chupa ya pili ikajaa nusu. Ndiyo kusema ilikuwa imezidi kwa karibu robo tatu ya lita.

Baadaye nilifanya hesabu ambayo ningaliifanya nyumbani. Injini ya Probox ya sisi 1500 huhitaji lita 3.7 pamoja na filta mpya, na lita 3.4 ikiwa filta haibadilishwi. Galoni ina lita 4. Toa 3.7 katika 4, inabaki 0.3. Hiyo ndiyo ziada ya kwanza. Ziada ya pili, karibu nusu lita, ilikuwa oili ya zamani ambayo haikutoka kwa sababu injini ilikuwa baridi na gari lilikuwa limesimama mteremkoni. Mteremko ule ule ndio ulionidanganya wakati wa kupima, maana oili ilikuwa imejikusanya upande wa nyuma, mbali na kijiti.

Basi mtungi wa dukani haujui injini yako. Kiwanda kimetia lita 4 kwa sababu ndiyo desturi ya biashara, si kwa sababu gari lako lahitaji lita 4. Anayejua ni kijiti, nacho husema kweli kwa yule tu anayekiuliza vizuri.

Yaliyompata jirani yangu

Jirani yangu ni mama mjane mwenye shamba la vitunguu karibu na mto. Ana pampu ndogo ya petroli ya bei nafuu, mfano wa zile Honda ambazo twazijua. Januari, wakati wa ukame, kijana wake alibadilisha oili. Alisafisha kijiti, akakirudisha, akakizungusha mpaka kikakaza, kisha akakitoa na kusoma. Kilionyesha kwamba imejaa. Akaiweka pampu ukingoni mwa mto palipoinama, akaiwasha, akaenda kutengeneza mifereji.

Siku ya tatu pampu ilisimama kwa kishindo. Kamba ya kuwashia haikuvutika tena. Fundi alipoifungua alikuta mkono wa pistoni umekauka na kuvunjika. Oili iliyokuwamo ilikuwa kidogo sana.

Kosa la kijana huyu halikuwa uvivu. Alipima, lakini alipima vibaya. Katika injini nyingi ndogo za namna hii kijiti kimeunganishwa na kifuniko chenye meno. Wakati wa kupima hukizungushi. Wakitia tu mpaka kifuniko kikae juu ya tundu, kisha wakitoa. Ukikizungusha, kijiti hushuka chini zaidi, chaligusa oili lililo chini, nawe wadhani imejaa kumbe imepungua. Tena injini hizi hazina pampu ya kusukuma oili. Huwa na kijiko kidogo kinachoirusha oili juu kila krenki inapozunguka. Oili ikiwa haba na injini imeinama, kijiko huchota hewa. Injini nyingine zina kifaa cha kuizima injini oili ikipungua, lakini nyingi za bei nafuu hazina.

Vitunguu vya yule mama vilikuwa vimebakiza wiki chache tu kabla ya kukomaa. Alikodi pampu ya mtu mwingine, akalipa kila siku, na faida ya msimu ule ikaenda na maji.

Kwa nini ikizidi ni mbaya, na ikipungua ni mbaya

Kila mtu ajua kwamba injini bila oili hufa. Vyuma husuguana, hupata moto, huvimba na kushikana. Lakini wengi huuliza: ikizidi kuna ubaya gani? Je, haba na haba haijazi kibaba?

Oili hukaa chini ya injini katika bakuli la chuma ambalo mafundi huliita sampu. Juu yake huzunguka krenki, maelfu ya mara kwa dakika. Ikiwa oili iko katika kiwango chake, krenki haiigusi. Ikipanda mno, krenki yaipiga kama mama anavyopiga mayai kwa uma, nayo yawa povu. Pampu ya oili yavuta povu badala ya oili, na povu ni hewa. Hewa haiwezi kutenga chuma na chuma. Ndipo ile taa nyekundu huwaka ingawa sampu imejaa kupita kiasi. Tena shinikizo huongezeka ndani, na oili hutafuta njia ya kutokea, ama kwa kupitia mipira ya kuzibia ya krenki, ama kwa kupitia bomba la kupumulia na kuingia mahali pa kuungulia. Huo ndio moshi wa buluu niliouona.

Kwa injini ya dizeli kuna hatari nyingine. Injini ya dizeli yaweza kuila oili yake yenyewe ikawa ndiyo mafuta ya kuiendesha. Hapo hukimbia bila kuzuilika, na hata ukivuta kizimio haizimiki, mpaka ivunjike au hewa ikatwe. Wenye matrekta wakumbuke jambo hili.

Hata hivyo msiogope bila sababu. Oili ikipita alama ya juu kwa upana wa uzi tu, injini haitakufa. Lakini ikipita kwa upana wa kidole, usiiwashe mpaka umeipunguza.

Namna ya kupima vizuri baada ya kubadilisha

Kwanza, tafuta mahali palipo sawa. Wengi wetu twaishi miteremkoni, na jicho hudanganya. Fanya hivi: chukua chupa ya soda inayopitisha nuru, itie maji nusu, ifunge. Weka ubao mrefu chini mahali magurudumu yatakaposimama, kisha laza chupa juu yake. Maji yakikimbilia upande mmoja, hapo pameinama. Pima kwa urefu na kwa upana. Ukishapata mahali pazuri, tia alama ya mawe, uwe wapima hapo kila mara.

Pili, mwaga oili ya zamani injini ikiwa na joto la kiasi, si baridi kabisa wala si moto wa kuunguza mkono. Iwashe dakika chache kwanza, kisha izime. Iache idondoke mpaka itoke yote. Ikiwa lazima uingie chini ya gari, usitegemee jeki peke yake wala mawe yaliyopangwa. Tumia vigingi imara vya chuma, kaza breki ya mkono, na uzuie magurudumu. Injini yaweza kununuliwa. Baba wa watoto hanunuliwi.

Tatu, utoapo filta ya zamani, tazama kama mpira wake umetoka nayo. Mara nyingine mpira hubaki umeganda katika injini, na mtu hufunga filta mpya juu yake. Mipira miwili haishiki. Oili yaweza kutoka yote kwa dakika chache ukiwa barabarani. Paka mpira mpya oili kidogo kwa kidole, kisha kaza kwa mkono jinsi kitabu au filta yenyewe inavyoagiza.

Nne, soma kitabu cha injini yako ujue kiasi chake, na usimimine kiasi hicho chote mara moja. Bakiza karibu nusu lita. Kwa mfano wa Probox, na filta mpya, mimina lita 3 na robo kwanza. Ngoja dakika 5 oili ishuke. Asubuhi za baridi ngoja zaidi, maana oili baridi ni nzito na hushuka polepole. Pima, inapasa iwe imeonekana katika kijiti.

Tano, washa injini, uiache ingurume polepole kwa dakika moja au mbili bila kukanyaga mafuta. Taa ya oili inapasa izimike baada ya sekunde chache. Isipozimika, zima injini mara moja na utafute sababu. Ikizimika, tazama chini kwenye bolti na kwenye filta kama pana tone. Kisha zima. Hatua hii wengi huiruka, nayo ndiyo yenye maana kubwa. Filta mpya ilikuwa tupu. Sasa imekunywa sehemu yake, na kiwango katika sampu kimeshuka.

Sita, ngoja tena dakika 5 mpaka 10. Toa kijiti, kifute kwa kitambaa safi kisicho na nyuzi, kirudishe mpaka mwisho, kisha kitoe tena. Usisome ile mara ya kwanza, maana kijiti kimerushiwa oili huku na huku. Tazama pande zote mbili za kijiti. Zikitofautiana, amini ule upande unaoonyesha kidogo. Kuna alama mbili, ya chini na ya juu. Kwa magari mengine ni herufi, L kwa haba na F kwa tele. Kwa mengine ni vitundu au mikato. Oili inapasa iwe kati ya alama hizo, karibu na ile ya juu, isiipite.

Ikipungua

Ongeza kidogo kidogo. Katika magari mengi madogo, kutoka alama ya chini hadi ya juu ni kama lita moja, lakini hakikisha katika kitabu chako. Kwa hiyo ikiwa imefika katikati, wahitaji karibu nusu lita. Usimimine nusu lita kwa mara moja. Mimina robo, ngoja dakika chache, pima. Kisha mimina nyingine. Tumia chupa yenye alama za kipimo. Mwenda pole hajikwai.

Ongeza oili ya namna ile ile uliyoitia. Andika juu ya mtungi uliobaki ni wa injini gani, uufunge vizuri, na uuweke mbali na vumbi na watoto. Ile iliyobaki haikupotea. Ndiyo akiba yako ya kuongezea mwezi ujao.

Ikizidi

Kuna njia mbili za kuipunguza nyumbani.

Njia ya kwanza ni kuivuta kwa juu. Tafuta bomba kubwa la sindano, la mililita 50, na mrija mwembamba unaoweza kupita katika tundu la kijiti. Injini iwe imezimwa na oili iwe na joto kidogo ili isiwe nzito. Shusha mrija mpaka uguse oili, kisha vuta. Mabomba matano ni robo lita. Pima, na ukiona bado, vuta tena. Usivute kwa mdomo hata kidogo. Na bomba hilo lisirudi tena katika dawa za mifugo. Litie alama ya rangi likae na spana.

Njia ya pili ndiyo aliyotumia yule mzee wa Naro Moru. Weka beseni safi chini, vaa glavu, legeza bolti taratibu mpaka oili itiririke kidogo, kisha kaza. Yataka mkono mwepesi, kwa maana bolti ikitoka yote oili humwagika. Ikitokea hivyo, usifadhaike. Kama beseni ni safi na oili ni mpya, yaweza kurudishwa kwa kipimo. Ndiyo sababu nasema beseni safi, si lile la kulishia kuku.

Ukimaliza njia yoyote, washa tena dakika moja, zima, ngoja, upime. Kusahihisha bila kupima mara ya pili ni sawa na mwalimu anayetia alama katika daftari bila kusoma jibu.

Pampu na trekta

Kwa pampu yenye injini kama Honda GX160, kiasi ni kidogo sana, kama lita 0.58. Chupa moja ya nusu lita na kidogo juu yake yatosha. Iweke juu ya meza au ubao ulio sawa, tia kijiti bila kukizungusha, usome. Ikijaa vizuri, oili hufika ukingoni mwa tundu la kutilia. Pima kila siku kabla ya kuiwasha. Ikiwa injini ni mpya, badilisha oili baada ya mwezi wa kwanza au saa 20 za kazi, kisha kila miezi 6 au saa 100. Na uendapo mtoni chukua jembe, usawazishe mahali pa kuiweka kabla ya kuiwasha.

Kwa trekta, pima asubuhi kabla ya kuiwasha, ikiwa imelala usiku mahali palipo sawa, kwa kuwa wakati huo oili yote imeshuka. Usichanganye kijiti cha injini na kile cha haidroliki kilicho nyuma. Ni oili mbili na vijiti viwili. Tena ukiona kiwango cha oili ya injini chapanda chenyewe bila wewe kuongeza, usifurahi. Huenda dizeli yaingia katika oili, labda kwa sababu ngozi ya pampu ya mafuta imepasuka; inuse kijiti, utaijua. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Katika hali zote mbili usiiwashe, mwite fundi.

Oili chafu

Jambo la mwisho ni ile oili iliyotoka. Wako wanaoimwaga mferejini, na wengine huwapaka ng'ombe ili kuua kupe. Yote mawili ni makosa. Maji ya mito yetu, Thegu, Naro Moru na Sagana, huteremka kwa watu wengine na kwa mifugo yao, na oili kidogo huharibu maji mengi. Katika oili iliyotumika mna masizi na madini yanayodhuru. Yakigusa ngozi mara kwa mara kwa miaka mingi yaweza kuleta saratani. Ng'ombe naye hujilamba, na sumu humwingia. Irudishe katika galoni yake tupu, uifunge, uipeleke kwenye gereji au kituo cha mafuta wanakopokea oili chafu. Nawa mikono kwa sabuni.

Daftari moja

Nataka kila mkulima mwenye injini anunue daftari moja dogo, alitundike kwa kamba karibu na pale anapoweka spana. Aandike tarehe ya kubadilisha oili, kilomita au saa za kazi, kiasi alichotia, na mahali kijiti kilipoonyesha baada ya kusahihisha. Asubuhi ya pili apime tena mahali pale pale, aandike. Baadaye apime kila wiki. Baada ya miezi michache daftari litamwambia mambo ambayo hakuna fundi anayeweza kumwambia: kama injini yala oili, kama yavuja, na ni kiasi gani hasa injini yake hunywa. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Daftari langu mimi lina mstari wa kwanza usemao: lita 4, kosa. Mstari wa pili wasema: lita 3.7, alama ya juu, mahali palipo sawa. Gari laendelea kutembea, na mkopo waendelea kulipwa.

Yule mama jirani yangu alinunua pampu nyingine mwezi wa Mei, baada ya kuuza ndama. Nilimtembelea wiki iliyopita. Daftari limetundikwa katika msumari wa banda, na kijana wake alinionyesha kurasa zake. Amepima kila siku, hata Jumapili. Juu ya ukurasa wa kwanza ameandika kwa herufi kubwa: USIZUNGUSHE.